Mwalimu wa Västerås na Mtoto wa Mitahato: Uchambuzi wa Kisa cha Ufadhili Uliozaa Ufadhili

Mwaka 2001, wakili Mkenya Chris Mburu alipoamua kuanzisha mfuko wa kuwalipia karo watoto wa familia maskini, jina la mfuko huo lilikuwa tayari kabla ya mambo mengine mengi kupatikana. Aliuita Mfuko wa Elimu wa Hilde Back. Lakini Mburu hakumfahamu Hilde Back mwenyewe. Alijua tu kwamba ni mwanamke wa Uswidi ambaye, miaka mingi nyuma, fedha zake zilimwezesha yeye kuendelea na masomo. Hawakuwa wamewahi kuonana, na hakuwa na hakika kama mfadhili wake bado yu hai. Ikambidi auombe ubalozi wa Uswidi mjini Nairobi umsaidie kumtafuta.

Nimechagua kukianza kisa hiki katikati, kwa sababu kinaposimuliwa tangu mwanzo huwa kinageuka kuwa hadithi ya mtu mwenye nacho aliyemsaidia asiye nacho, na msaidiwa akaja kushukuru. Kilichotokea ni kigumu zaidi kueleza. Mtu alikuwa na shukrani, lakini hakuwa na wa kumpelekea. Asingeweza kuirudisha fedha aliyopewa, wala kwenda kubisha hodi mlangoni akiwa na kuku mkononi, kama tufanyavyo kwetu tunapomtembelea aliyetufaa. Shukrani hiyo ikatafuta njia nyingine, ikawaendea watoto wa kijiji kilekile alichotoka yeye.

Kijiji hicho ni Mitahato, katika eneo la kahawa la Kiambu. Kwa kilomita hakiko mbali na Nairobi, lakini kwa familia isiyo na kipato cha uhakika katika miaka ya 1970, umbali kati ya Mitahato na chuo kikuu ulikuwa mkubwa kuliko barabara inavyoonyesha. Mburu alikulia huko katika umaskini, akawa miongoni mwa wanafunzi waliofanya vizuri mno darasani. Msomaji kijana, aliyezoea kusikia kwamba elimu ya msingi ni bure, huenda asielewe kwa nini mtoto mwenye akili ahitaji mfadhili kutoka Ulaya. Amri ya rais ya mwishoni mwa 1973 iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, lakini shule zilizokosa mapato hayo zilianza kutoza michango ya ujenzi, na mahali pengi michango hiyo ikawa mizito kuliko karo iliyofutwa. Karo ya shule za msingi iliondolewa kwa ujumla Januari 2003. Katika miaka yote iliyopita katikati, mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alitumwa nyumbani. Alitoka darasani mbele ya wenzake, akatembea hadi nyumbani, akamkuta mama yake hana kitu, akakaa siku mbili au wiki mbili, kisha akarudi kulikuta somo limekwenda mbele. Wengi hawakuacha shule kwa uamuzi wowote uliotamkwa. Waliachwa nyuma kidogo kidogo, hadi kurudi kukawa aibu.

Mburu aliepuka njia hiyo kwa sababu jina lake liliingia katika mpango wa ufadhili uliowaunganisha watu wa Uswidi na wanafunzi wa Kenya. Upande wa pili wa mpango huo alikuwapo Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo katika mji wa Västerås, ambaye alitoa kiasi kinachotajwa kuwa dola kama 15 kwa muhula. Kwa mshahara wa mwalimu wa chekechea wa Uswidi, hicho hakikuwa kiasi cha kumtia mtu umaskini, na hakikuwa kiasi cha kuandikwa gazetini. Mburu alimaliza shule ya msingi, akaendelea na sekondari, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akapata ufadhili wa kwenda Harvard kwa shahada ya juu ya sheria. Baada ya hapo akaingia katika kazi za haki za binadamu za Umoja wa Mataifa, akishughulika na ubaguzi na mizozo ya aina ile inayoweza kuishia katika mauaji ya kimbari.

Swali la kwanza la uchambuzi huu ni nini hasa kilichovuka bahari kutoka Västerås hadi Mitahato. Jibu la haraka ni karo, na ni jibu la kweli, kwa kuwa bila karo hapakuwa na kiti darasani. Lakini karo peke yake haielezi kwa nini mtu aliyelipiwa anakuja kulipia wengine. Wako maelfu ya watu katika Afrika Mashariki waliosomeshwa na serikali, na kanisa, na wajomba zao, na baraza la wilaya, na wengi wao, bila ubaya wowote, hawakuwahi kuhisi kwamba wana deni kwa mtoto wasiyemjua. Naamini tofauti iko katika ujumbe ambao mtoto aliusoma ndani ya msaada ule. Mtu asiye ndugu, asiye wa kabila lake, asiyetarajia kura wala shamba wala mkwe, alikuwa ameamua kwamba kusoma kwa mtoto huyu ni jambo la maana. Mtoto anayejua hivyo hukaa darasani kwa namna nyingine. Akikutana na swali gumu la hesabu, haoni mtihani tu, anaona pia kwamba kuna mtu mahali fulani anayemtazamia afaulu. Huko ndiko kutiwa moyo kwenyewe, na kulifanyika bila hotuba hata moja.

Jambo la pili, ambalo wasimulizi wa kisa hiki hulipita haraka, ni kwamba msaada ule ulirudi muhula baada ya muhula. Zawadi kubwa ya mara moja hufurahisha, hupigiwa picha, kisha muhula wa pili unafika na mtoto anatumwa tena nyumbani. Tumeliona hilo katika harambee nyingi. Watu hukusanyika, mgeni rasmi hutaja kiasi chake kwa sauti, makofi hupigwa, na kijana husafirishwa hadi shuleni na kulipiwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna mgeni rasmi. Siidharau harambee, kwa kuwa imejenga shule na kuwapeleka watu ng'ambo, lakini namna yake ya kutoa ni ya tukio, ilhali elimu ni jambo la miaka. Kiasi kidogo kinachorudi bila kukosa humpa mtoto kitu ambacho kiasi kikubwa cha siku moja hakimpi, nacho ni uhakika wa kesho yake. Mtoto asiye na wasiwasi wa kufukuzwa wiki ijayo ana nafasi kichwani ya kusoma.

Jambo la tatu ni staha, na hapa nitasema kidogo kutokana na niliyoyaona mwenyewe. Niliwahi kukaa katika kamati ya basari ya shule moja. Tulikuwa na nia njema na fedha kidogo, na tulikuwa na desturi ya kuwasimamisha wanafunzi waliopata basari mbele ya shule nzima wakati wa gwaride la asubuhi, majina yakisomwa pamoja na viasi, ili, tulivyodhani, wafadhili waone kwamba fedha zimefika. Miaka michache baadaye, mmoja wa wanafunzi hao, sasa mtu mzima mwenye kazi yake, aliniambia kwamba anakumbuka gwaride lile kuliko anavyokumbuka basari yenyewe. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba alipomaliza kidato cha nne alitaka kusahau kwamba aliwahi kusaidiwa. Maneno hayo yamenifanya nikiangalie kisa cha Mitahato kwa jicho lingine. Hilde Back hakumsimamisha mtu. Hakuja kupiga picha na mtoto wala kudai apewe taarifa mbele ya watu. Mtoto aliyesaidiwa kwa namna hiyo hana la kusahau, na alipokuwa mtu mzima aliweza kulitaja jina la mfadhili wake hadharani kwa hiari yake, hata akalifanya jina la taasisi.

Ubalozi ulimpata Hilde Back. Mburu alikuwa amemfikiria kama mwanamke tajiri wa Ulaya, kama wengi wetu tungemfikiria. Aliyepatikana alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi maisha ya kawaida katika nyumba ndogo ya ghorofani, hakuwa ameolewa wala hakuwa na watoto, na alishangaa kwamba kiasi kile alichokuwa akituma kilikuwa kimefanya kazi yote hiyo. Mwaka 2003 alisafiri hadi Kenya na kufika Mitahato, ambako wazee walimpokea kwa heshima na kumfanya mzee wa jamii yao. Ni cheo ambacho kwa Wagikuyu hakitolewi kwa mgeni kwa wepesi. Nadhani wanakijiji walielewa kwa haraka jambo ambalo kalamu zinalieleza kwa shida. Kwa hesabu yao, mtu aliyesomesha mtoto wa kijiji hadi mwisho amefanya kazi ya mzazi, na mzazi ana mahali pake pa kukaa.

Kisha ikaja sehemu ya kisa ambayo Mburu mwenyewe hakuijua alipokuwa akiandika jina lile juu ya karatasi za mfuko. Hilde Back hakuwa Mswidi wa kuzaliwa. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa msichana, Wanazi walishika madaraka na kuanza kuwabana Wayahudi katika kila upande wa maisha, ikiwemo shule. Sheria ya Aprili 1933 iliweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi, na mnamo Novemba 1938, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa moto kote nchini, watoto wa Kiyahudi walifukuzwa kabisa katika shule za umma za Kijerumani. Hilde alifanikiwa kukimbilia Uswidi. Wazazi wake hawakupata hifadhi hiyo, na walikufa katika kambi za Wanazi. Msichana aliyenyimwa shule kwa sababu ya kabila lake akawa mwalimu wa watoto wadogo katika nchi ya ugenini, na alipopata nafasi ya kumlipia mtoto mmoja wa mbali, alimlipia.

Wasimulizi wengi hulitumia jambo hili kama mshangao wa mwisho. Wakili anayepambana na chuki za kikabila na mauaji ya kimbari anagundua kwamba aliyemsomesha ni mtu aliyenusurika katika mauaji ya kimbari. Ni kweli kwamba linagusa moyo. Lakini kwa mchambuzi, uzito wake uko katika kuueleza mwanzo wa kisa. Uswidi ilimpokea Hilde bila yeye kuwa na undugu wowote na watu wake, na yeye pia hakuweza kuwarudishia kitu wale waliomfungulia mlango, kwa maana hakuna bei ya uhai. Alikuwa katika hali ileile ambayo Mburu alijikuta ndani yake mwaka 2001, akiwa na shukrani isiyo na mahali pa kurudi. Sidai kwamba alikaa chini akapiga hesabu hiyo. Nasema tu kwamba tukitafuta mwanzo wa mnyororo huu, hatuupati Mitahato wala Västerås, bali nyuma zaidi, katika mji wa Kijerumani ambako mtoto wa shule aliambiwa kwamba kiti chake si chake tena.

Mfuko wenyewe ulianza kwa udogo. Mburu na jamaa zake, wakiwemo waliofikia elimu ya juu kama yeye, walichanga fedha, wakaunda kamati kijijini, wakaamua kwamba msaada uende kwa wanafunzi waliofaulu vizuri mtihani wa mwisho wa shule ya msingi lakini wasiokuwa na uwezo wa kujiunga na sekondari. Uchaguzi wa mahali pa kuweka nguvu ulikuwa sahihi. Tangu 2003 mlango wa shule ya msingi ulikuwa wazi, hivyo kizuizi kilikuwa kimehamia kidato cha kwanza. Mtoto aliyefaulu alipokea barua ya kuitwa shule, na barua hiyo iliambatana na orodha: karo ya muhula, sare, godoro, blanketi, sanduku la bati, vitabu. Familia nyingi ziliipokea barua hiyo kwa furaha asubuhi na kwa machozi jioni. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipa shilingi 10,265 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa ajili ya masomo, lakini gharama za bweni zilibaki kwa mzazi, na shule zenye sifa nzuri zilikuwa za bweni.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na ukali ambao hautakiwi kufichwa. Mfuko wenye fedha chache lazima uweke kizingiti, na kizingiti chake kilikuwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ambao katika miaka hiyo ulikuwa na jumla ya alama 500. Mtoto aliyefika anasoma, na mtoto aliyekosa alama chache anabaki na maisha yake yanachukua mkondo mwingine, hata kama alijisomea kwa taa ya mafuta baada ya kuchuma kahawa mchana, na mwenzake alikuwa na chumba na umeme. Filamu ya hali halisi iliyotengenezwa kuhusu Mburu na Hilde Back, ambayo ilionyeshwa Marekani mwaka 2010, iliwafuata watoto waliokuwa wakikikabili kizingiti hicho, na kuwatazama wakisubiri matokeo ni jambo zito kwa yeyote aliyewahi kuwa mwalimu wa darasa la nane. Unamwona mtoto wa miaka 13 au 14 akibeba matumaini ya nyumba nzima katika namba moja ya tarakimu tatu.

Sina lawama kwa kamati. Mtu mwenye viti vitatu na watoto thelathini atafanya nini? Lakini kuna jambo ambalo mfuko wa aina hii unapaswa kulitazama usoni: msaada uliozaliwa kutokana na huruma ya mtu mmoja, ukishakuwa taasisi, huanza kuongea lugha ya alama, vigezo na orodha. Hilde Back aliweza kuwa na mtoto mmoja na kubaki naye. Kamati ina mafaili. Kinachoweza kulinda roho ya mwanzo ni mambo mengine nje ya mtihani: kama mtoto aliyechaguliwa anafuatiliwa kwa jina, kama mtu anamwandikia au kumtembelea, kama aliyekosa anaambiwa kwa heshima na kuelekezwa kwingine badala ya kusomewa ubaoni. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji muda wa watu wazima, na muda huo ni haba kuliko fedha.

Watoto waliofanya mtihani mwishoni mwa 2007 walikumbwa na jambo jingine. Uchaguzi mkuu wa Desemba 27 ulifuatwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao, kwa misingi ambayo mara nyingi ilikuwa ya kikabila. Familia zilikuwa zikisubiri barua za shule huku nchi ikiwaka moto. Kwa Mburu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kushughulika na mambo ya aina hiyo katika nchi za wengine, moto huo sasa ulikuwa nyumbani. Ameeleza mara nyingi imani yake kwamba watu walionyimwa elimu ni rahisi kuchochewa na wanasiasa, na kwamba mfuko wa karo ni sehemu ya kazi ya kuzuia chuki. Nakubaliana naye kwa sehemu. Waliopanga ghasia zile hawakukosa elimu, na baadhi yao walikuwa na shahada. Lakini vijana waliotumwa barabarani wakiwa na mapanga walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kesho yao ina thamani. Mtu mwenye kiti darasani na mfadhili anayemtazamia ana kitu cha kupoteza.

Filamu ile ilipotoka, watazamaji wa mbali walianza kuuchangia mfuko, na uwezo wake wa kupokea wanafunzi ukakua. Kwa mfuko uliokuwa ukitegemea mifuko ya watu wachache, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, na nafurahi kwa ajili ya kila mtoto aliyefaidika. Bado naona kwamba sehemu ngumu zaidi ilikuwa imekwisha fanyika kabla ya kamera kufika. Kati ya 2001 na siku hiyo palikuwa na miaka ya watu wa kawaida kutoa kutoka mishahara yao, kukutana, kubishana kuhusu majina, na kulipa muhula baada ya muhula. Ilikuwa kazi ileile ya Hilde Back, ikifanywa sasa na Wakenya kwa watoto wa Kenya.

Jambo hilo la mwisho linastahili kutajwa kwa sababu ya namna tulivyozoea kuuona msaada. Picha iliyozoeleka ina mkono unaotoka Ulaya na mkono unaopokea Afrika, na picha hiyo hukoma hapo. Katika kisa hiki aliyepokea hakubaki mpokeaji. Wala hakumwiga mfadhili wake kwa kutafuta mtoto maskini wa nchi ya mbali. Alirudi katika vijia vya kijiji chake, mahali ambapo watu wanamjua kwa jina la baba yake, na ambapo kutoa kuna gharama ambayo mfadhili wa mbali haijui: kila usiyemchagua ni jirani yako, mama yake mtakutana sokoni, na kaka yake mtakutana msibani.

Hilde Back alifariki Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 98. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wa sasa wanapita katika milango mingine yenye majina mapya, ingawa sanduku la bati na godoro bado vimo katika orodha. Wapo wanafunzi ambao risiti zao za karo zimelipwa kwa jina lake. Wengi wao hawakuwahi kumwona, na wanajua kuhusu mwalimu yule wa Västerås takriban kiasi kilekile alichokijua Mburu alipokuwa na umri wao.